Kigugumizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wazazi, walimu, wachumba, waajiri na wenye kigugumizi wenyewe. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Kama mtoto wako ameanza kukwama juzijuzi na una wasiwasi, ruka moja kwa moja hadi swali la 12.

## Neno na matumizi yake

1. Kigugumizi ni nini hasa?

Ni hali ya usemi kukatikakatika bila msemaji kutaka, ilhali anajua fika anachotaka kusema. Hapo ndipo kinapotofautiana na kusahau neno au kutafuta la kusema. Mwenye kigugumizi neno analo, lipo mdomoni, ila linagoma kutoka.

Kinajitokeza kwa namna tatu. Kuna kurudia sauti au silabi: "ni-ni-ni-nipe maji." Kuna kuvuta sauti: "ssssukari." Na kuna kukwama kabisa, ambapo mdomo umeshakaa tayari, pumzi imesimama, na hakuna kinachosikika. Hii ya tatu ndiyo inayowaponza wengi, maana asiyejua hudhani mtu hana la kusema. Muuza duka anaona mteja amemkodolea macho tu, anamgeukia wa nyuma yake: "Haya, wewe unataka nini?"

Juu ya hayo kuna vitendo vinavyozaliwa na juhudi za kulisukuma neno: kupepesa macho, kukaza shingo, kupiga paja, kukanyaga chini. Havikuwa sehemu ya kigugumizi mwanzoni. Siku moja kupiga paja kulisaidia neno kutoka, mwili ukakumbuka, na sasa paja linapigwa hata pale lisiposaidia chochote.

2. Kugugumiza, kusita, kubabaika, kusuasua: si yale yale?

Hapana, na kuyachanganya kunaumiza watu. Anayesita amesimama kidogo kabla ya kutenda, kwa kuwa ana shaka au anapima. Akisitasita, shaka imemrudia mara kadhaa na bado hajaamua. Kubabaika kuna hofu ndani yake, tena mara nyingi kuna harufu ya kukamatwa: "Alipoulizwa leseni akaanza kubabaika." Kusuasua ni mwendo wa kitu kisichosonga inavyotakiwa, iwe ni mradi wa maji, biashara, timu iliyotoka sare mechi tatu mfululizo au gari linalozimazima njiani. Miguu nayo ina maneno yake: mwenye maumivu ya goti anachechemea, na mgonjwa aliyetoka kitandani leo anajikongoja.

Kugugumiza ni kwa kinywa peke yake, na hakusemi lolote kuhusu moyo wa mtu. Ndiyo maana ni makosa makubwa kuandika kwenye ripoti kwamba shahidi au mwombaji kazi "alibabaika katika kujibu" kumbe alikuwa na kigugumizi. Umemshuku bila kuwa na ushahidi wowote zaidi ya silabi zake.

3. Magazeti yanapoandika "Waziri apata kigugumizi", yana maana gani?

Kwamba ameulizwa swali na hakuwa na jibu, au jibu analo na hataki kulitoa. "Halmashauri yapata kigugumizi kuhusu machinga" ina maana halmashauri haijaamua. Matumizi haya yameenea mno, na ni sehemu ya lugha yetu ya habari.

Wenye kigugumizi hatuna msimamo mmoja kuhusu jambo hili. Wapo wanaokerwa, kwa sababu sitiari hii inafanya kigugumizi kiwe jina jingine la woga wa kuamua, wakati mwenye kigugumizi huwa ameshaamua zamani na anachongoja ni sauti tu. Mimi sioni haja ya kuanzisha vita na vyumba vya habari. Ila mhariri akiwa na "kusita", "kukwepa" na "kukaa kimya" mezani, hayo yanaeleza kilichotokea kwa usahihi zaidi.

4. Je, kithembe ni aina ya kigugumizi?

Siyo. Mwenye kithembe sauti zake zinatoka bila kukatika, ila baadhi zinatamkwa tofauti, kwa mfano "s" ikisikika kama "th". Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, lakini kimoja hakizai kingine. Kuhusu udata, tazama swali la 9.

5. Niseme "yule kigugumizi" au "mwenye kigugumizi"?

"Mwenye kigugumizi". Au jina lake.

## Chanzo

6. Kinasababishwa na nini?

Kwa sehemu kubwa, maumbile ya ubongo na kurithi. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba kwa watu wenye kigugumizi njia zinazounganisha sehemu za kupanga na kutamka maneno, hasa upande wa kushoto, zimejengeka na zinafanya kazi kwa utofauti kidogo na za wengine. Hilo halihusiani na akili kuwa nyingi au chache.

Kinatembea kwenye familia. Pacha wa kufanana hushirikiana kigugumizi mara nyingi zaidi kuliko pacha wasiofanana. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Dennis Drayna wa Marekani walitangaza mabadiliko katika jeni iitwayo GNPTAB, baada ya kuchunguza koo za Pakistan zenye wagugumizaji wengi. Mwaka 2015 ukoo mkubwa wa Kameruni ulisaidia kupatikana kwa jeni nyingine, AP4E1. Jeni hizi zinaeleza sehemu ndogo tu ya wenye kigugumizi wote, kwa hiyo usitarajie kipimo cha damu cha kukupa jibu.

Woga hausababishi kigugumizi. Unaweza kukizidisha kwa siku hiyo, kama uchovu na haraka vinavyokizidisha.

7. Bibi anasema mtoto alishtuliwa, au alimwiga mtu mwenye kigugumizi. Ni kweli?

Si kweli, japo imani hizi ni ngumu kufa. Ya kuiga imeshika sana mashuleni: "Ukimwiga na wewe utakipata." Kigugumizi hakiambukizi. Ubaya wa kumwiga mtu ni kwamba unamdhalilisha, na hiyo ni sababu tosha ya kuacha.

Kuhusu kushtuka, mara nyingi ni nyakati zilizogongana. Kigugumizi huanza kati ya miaka miwili na mitano, umri ambao mtoto anaanguka, anafukuzwa na mbwa, anapata mdogo wake na anahamishwa nyumba. Ukitafuta tukio la kulaumu, hukosi.

8. Basi ni kosa langu mimi mzazi?

Hapana. Inafaa kueleza lawama hii ilitoka wapi, maana hata baadhi ya watu waliosoma bado wanaibeba.

Katikati ya karne iliyopita Wendell Johnson, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa na mwenye kigugumizi yeye mwenyewe, alifundisha kwamba kigugumizi huanzia kwenye sikio la mzazi: mzazi anasikia mkwamo wa kawaida wa utotoni, anautolea macho, mtoto anaanza kuogopa kusema. Mwaka 1939 mwanafunzi wake Mary Tudor alifanya jaribio kwa watoto 22 wa kituo cha yatima. Baadhi yao, waliokuwa wakizungumza sawasawa, waliambiwa kwamba wana kigugumizi na kwamba wasifungue mdomo mpaka wawe na hakika ya kusema vizuri. Hawakugeuka wagugumizaji kama nadharia ilivyodai. Walichogeuka ni watoto wakimya, wenye aibu, waliokataa kuzungumza darasani. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001.

Kwa hiyo mzazi hasababishi kigugumizi, wala kukitaja kwa jina hakukileti. Lakini mtoto akikaripiwa kila anapofungua kinywa, kigugumizi kinabaki pale pale na juu yake unaongezeka ukimya.

9. Kuna mtu ameniambia nimkate mtoto udata, au kilimi. Nifanye hivyo?

Usifanye, kama sababu ni kigugumizi. Udata ni ngozi fupi chini ya ulimi inayouzuia kunyanyuka. Daktari anaweza kuukata kama mtoto anashindwa kunyonya au ulimi haufiki unapotakiwa. Kigugumizi hakitokani na ulimi kufungwa. Ushahidi unao nyumbani: ulimi huohuo unaokwama kwenye "dada" unaimba "dada" bila shida (swali la 11).

Kilimi kiko nyuma kabisa kooni, na hakina kazi yoyote katika kigugumizi. Kukikata mtaani kwa wembe kumeleta damu nyingi na maambukizi kwa watoto waliokuwa wazima.

Wazungu nao walipitia huko. Mwaka 1841, Berlin, daktari bingwa wa upasuaji Johann Friedrich Dieffenbach alikata misuli ya ulimi ya wagonjwa wenye kigugumizi, tena kabla dawa ya usingizi haijaanza kutumika. Tiba hiyo iliachwa muda si mrefu.

10. Nyumbani tunaongea Kihaya, shuleni Kiswahili, na sasa Kiingereza. Lugha zimemchanganya?

Lugha nyingi hazileti kigugumizi. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki inakua na lugha mbili au tatu, na kama ingekuwa sababu, nusu ya darasa ingekuwa inakwama.

Kinachotokea ni kwamba kigugumizi kinaweza kuwa kizito zaidi katika lugha ambayo mtoto hajaizoea. Mtoto wa Kitanzania anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili kwenda kidato cha kwanza cha Kiingereza anaweza kuonekana kama amezidiwa ghafla. Usiifute lugha ya nyumbani kwa ajili hiyo. Utakuwa umemnyang'anya lugha anayoongea na bibi yake, na kigugumizi kikabaki.

11. Mbona akiimba hakwami?

Kwa sababu kuimba kunatumia ubongo kwa njia tofauti: mapigo yanajulikana mapema, sauti inaunganishwa bila kukatwa, na maneno yamekaririwa. Ni hivyo hivyo kwa kusoma pamoja na wenzake kwa sauti moja, kunong'ona, kuongea peke yake au kuongea na paka.

Mwimbaji wa Marekani Bill Withers alikuwa na kigugumizi hadi ukubwani. James Earl Jones, aliyekuja kujulikana kwa sauti yake nzito, alikaa miaka kadhaa ya utotoni karibu bila kuzungumza, mpaka mwalimu alipomfanya asome mashairi mbele ya darasa.

Msifanye makosa ya kumwambia: "Si unaona unaweza? Unajifanya tu." Hajifanyi. Na kuishi kwa kuimba kila sentensi sokoni hakuwezekani.

## Watoto, nyumbani na shuleni

12. Mwanangu ana miaka mitatu na ameanza kurudiarudia maneno. Kitaisha?

Uwezekano mkubwa ni ndiyo. Zaidi ya watoto watano katika kila mia hupitia kipindi cha kigugumizi, na takriban robo tatu yao au zaidi huacha, wengi ndani ya miaka michache. Kati ya watu wote, wanaoishi nacho ni kama asilimia 1. Ukichukua asilimia hiyo kwa Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, unapata zaidi ya watu laki sita.

Utofautishe pia na kurudia kwa kawaida. Mtoto anayesema "nataka, nataka, nataka ile" anarudia neno zima akitafuta linalofuata, na hajakaza uso. Anayesema "n-n-n-nataka" huku shingo imesimama ndiye wa kumfuatilia. Na Kiswahili kinapenda kurudufisha: polepole, harakaharaka, mbalimbali. Hivyo si kigugumizi, ingawa kuna babu mmoja alinibishia sana.

13. Nimpeleke hospitali lini, na niende idara gani?

Nenda ukiona mojawapo ya haya: kimedumu zaidi ya miezi sita, kinazidi badala ya kupungua, kuna mtu mzima katika ukoo ambaye hakikumwacha, mtoto anakunja uso, anakaza mwili au ameanza kukwepa kusema. Wavulana ni wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu wasichana huacha kwa wingi kuliko wao. Ndiyo maana kati ya watu wazima wanaume wenye kigugumizi ni kama wanne kwa kila mwanamke mmoja. Kama mtoto mwenyewe ameshaanza kusumbuka, usingoje hiyo miezi sita.

Anayehitajika ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Kwetu ni wachache, na wengi wako mijini. Anzia kliniki ya masikio, pua na koo au ya watoto katika hospitali ya rufaa, uulize kwa jina hilo la utaalamu, maana ukisema "daktari wa ulimi" utarudishwa kwenye swali la 9. Baadhi yao huwahudumia wagonjwa wa mbali kwa simu ya video.

Kwa watoto walio chini ya miaka sita kuna mpango uliotengenezwa Australia uitwao Lidcombe, ambao mzazi ndiye anayeuendesha nyumbani akielekezwa na mtaalamu: muda mfupi kila siku wa mazungumzo mepesi, na sifa ya kiasi pale maneno yanapotoka vizuri. Usiuanze kwa kubahatisha mwenyewe.

14. Wakati tunangoja, tufanye nini nyumbani?

Punguza kasi yako wewe, si yake. Ukiongea taratibu na kuacha nafasi kidogo kabla ya kumjibu, naye hushuka bila kuambiwa. Mwangalie usoni kama kawaida. Sikiliza habari anayoleta, ujibu habari hiyo. Kwenye nyumba yenye watu wengi wanaogombea kuongea, mpe zamu, na wakubwa zake wazuiwe kummalizia sentensi.

Maneno ya kuacha: "Tulia", "Vuta pumzi", "Anza upya", "Sema polepole." Yanasemwa kwa upendo, lakini kwa mtoto yote yana maana moja, kwamba ulivyosema si sawa.

Kama anakwama na anajua anakwama, unaweza kulitaja bila hofu: "Hilo neno limekuwa gumu kidogo, eti? Haidhuru, nakusikiliza."

15. Anakwama kwenye "shikamoo", na watu wazima wanamwona hana adabu. Tufanyeje?

Hili linaumiza kuliko linavyoonekana. Mgeni ameingia, mama anasema, "Mwamkie babu." Mtoto anasogea, mkono ameutoa, midomo imekaa kwenye "sh" na hakuna sauti. Babu anangoja. Mama anarudia, safari hii kwa ukali. Baada ya mara kadhaa za namna hiyo, mtoto akisikia hodi anakimbilia chumbani, na sasa kweli anaonekana hana adabu.

Salamu ni ngumu kwa sababu haina mbadala: huwezi kuchagua neno jingine mbele ya mzee. Jina lako mwenyewe ni vivyo hivyo. Mweleze babu pembeni, kabla ya siku yenyewe, kwamba mtoto anaheshimu ila neno linachelewa. Mwache ainame au atoe mkono kwanza, na shikamoo ifuate itakapofuata. Mzee akiitikia "marahaba" kwa utulivu hata kwa nusu ya neno, kazi kubwa imekwisha. Mnaweza pia kuamkia pamoja, mzazi na mtoto kwa sauti moja, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 11.

16. Mimi ni mwalimu. Nimruke wakati wa kusoma kwa zamu?

Muulize yeye, mkiwa wawili tu. Wengine wanataka kurukwa, wengine wanaona kurukwa ni aibu kubwa kuliko kukwama. Kinachotesa zaidi ni kungoja: kuhesabu wanafunzi waliobaki, kuhesabu aya, kutambua ile yako ina neno linaloanza na "k". Kumwita mapema au kumwacha asome sambamba na mwenzake hupunguza nusu ya mzigo.

Kwenye mahudhurio, kubali mkono ulionyanyuliwa badala ya "nipo". Na akiigizwa na wenzake, shughulika na waigizaji siku hiyohiyo bila kumsimamisha yeye kama mfano.

## Watu wazima

17. Kuna dawa?

Hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa ajili ya kigugumizi, na hakuna mzizi, asali wala mafuta ya kupaka ulimini yanayokitibu. Anayekuahidi kukiondoa kwa siku saba anafanya biashara. Vipo vifaa vya sikioni vinavyokurudishia sauti yako ikiwa imechelewa kidogo, kana kwamba unasoma pamoja na mtu mwingine. Vinawasaidia baadhi, na kwa wengi nguvu yake hupungua wakivizoea.

18. Kama hakuna dawa, tiba inafanya nini?

Kuna njia mbili kuu, na wataalamu wengi huzichanganya. Ya kwanza inafundisha usemi mpya: kuanza sauti kwa ulaini, kurefusha irabu, kupanga pumzi. Ya pili inafundisha kugugumiza kwa urahisi zaidi. Hii ilienezwa na Charles Van Riper, Mmarekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe. Unakwama, unamalizia, unasimama, kisha unalisema tena neno lile bila nguvu. Ukishazoea, unajifunza kulilegeza ukiwa katikati ya mkwamo. Mwisho unajua kujilegeza kabla hujalifikia.

Mfalme George wa Sita wa Uingereza alifanya kazi na Mwaustralia Lionel Logue kuanzia mwaka 1926, na hotuba yake ya vita ya tarehe 3 Septemba 1939 ilipita salama, kwa mwendo wa pole na vituo vingi. Hakupona kwa maana ya kigugumizi kutoweka. Alipata njia ya kuzungumza nacho.

19. Mimi nabadilisha maneno na hakuna anayejua. Kuna ubaya gani?

Kama kunakutosha, ni uamuzi wako. Ila hesabu gharama. Konda amesogea mbele, kituo chako hiki hapa, "shusha" haitoki. Wengine hugonga bodi la gari. Wengine hungoja abiria mwingine ashuke na kurudi kwa miguu. Dukani unataka sukari unaishia na chumvi. Unaoa, unampa mtoto jina unaloweza kulitamka badala ya lile mlilolipenda.

Anayeficha sana husikika kama hana kigugumizi, lakini kichwani hana nafasi ya jambo jingine. Hii ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote kwenye ukurasa huu: maisha ya wengi hayaharibiwi na silabi zinazorudiwa, yanaharibiwa na kazi ya kuzificha. Kugugumiza waziwazi mbele ya konda ni tabu ya sekunde tano.

20. Kwenye usaili wa kazi niseme mapema kwamba nina kigugumizi?

Ndiyo, kwa sentensi moja, bila kuomba msamaha: "Nina kigugumizi, kwa hiyo baadhi ya majibu yangu yatachukua muda kidogo." Inaondoa dhana ya kubabaika (swali la 2), na wewe unaacha kuficha (swali la 19). Kisha endelea na kazi unayoiomba.

21. Kigugumizi kinaathiri sala na kusoma Qur'ani?

Ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Hadithi iliyopokewa na Bi Aisha, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inasema kuwa anayesoma Qur'ani huku akikwamakwama na ikawa nzito kwake ana thawabu mbili. Nabii Musa naye, katika Surat Taha aya ya 25 hadi ya 28, anamwomba Mola amfungulie fundo la ulimi wake ili watu waifahamu kauli yake. Wakristo wanamkuta Musa yuleyule katika Kutoka 4:10, akisema ulimi wake ni mzito.

Wengi huona kwamba kisomo cha kuvuta sauti kinatoka kwa urahisi kuliko mazungumzo, kwa sababu zilezile za swali la 11. Kama unaongoza sala na una shaka na hukumu fulani, mweleze sheikh wako hali halisi.

## Maswali ya pembeni

22. Baba ana miaka 60, hajawahi kugugumiza, leo asubuhi ameanza. Nimfanyeje?

Mpeleke hospitali sasa hivi. Usemi uliobadilika ghafla kwa mtu mzima unaweza kuwa kiharusi, hasa kama mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea. Kigugumizi cha ukubwani kinaweza pia kufuata jeraha la kichwa au baadhi ya dawa, kwa hiyo nenda na orodha ya dawa anazotumia.

23. Rafiki yangu anaongea kasi mno, maneno yanaparamiana na silabi zinamezwa. Ni kigugumizi?

Huenda ni hali nyingine iliyo jirani yake. Mwenye kigugumizi kwa kawaida anajua hasa alipokwama. Anayeparamia maneno mara nyingi hajui mpaka aulizwe "umesemaje?", na akiambiwa apunguze kasi husikika vizuri kwa muda. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote, na mtaalamu wa swali la 13 ndiye anayetenganisha.

24. Naoa mwezi ujao. Nikikwama kwenye kukubali ndoa itakuwaje?

Itachukua muda zaidi. Zungumza na sheikh au padri wiki chache kabla, mkubaliane kwamba hakuna kukumalizia wala kukuharakisha. Kanisani mara nyingi kiapo husemwa kwa kufuatisha vipande vifupi, na wengi huona ni rahisi kuliko kukisema chote. Unaweza kuomba msome pamoja kwa sauti ya chini. Kwenye kuoza, fanya mazoezi ya maneno yenyewe mbele ya walii na mashahidi halisi, wala si mbele ya kioo peke yake. Kioo hakikukodolei macho kama wakwe. Na mpe taarifa mshika kipaza sauti, asije akadhani chombo kimekatika akaanza kukigonga.

25. Nimepigiwa simu, nikasema "haloo", nikasikia kimya au pumzi tu. Nikate?

Ngoja kidogo. Simu ni ngumu kwa wengi wetu kwa kuwa uso hauonekani, na mkwamo wa kimya unafanana kabisa na mtandao mbovu. Usirudie "haloo, haloo" kwa kasi, maana kila haloo inamrudisha aliyekwama mwanzo. Sema mara moja, "Nipo, nakusikiliza," unyamaze. Kama ni wewe unayepiga na neno la kwanza ndilo linalokushinda, tanguliza ujumbe mfupi: "Nakupigia sasa, nina kigugumizi, usikate."